Mkurugenzi wa Kung'arisha Pilipili

Jumatatu, 3 Machi

Mkaguzi anakuja Alhamisi. Tukipita, pilipili za kikundi chetu cha wakulima zinakwenda ng'ambo moja kwa moja. Tukianguka, tunarudi kwa dalali na bei yake ya kutupa, na misimu mitatu ya jasho la mke wangu inakwenda na maji. Yeye ndiye mwenyekiti. Mimi nimejiteua Mkurugenzi wa Masoko ya Nje. Mke wangu anasema kazi yangu ni kufungua mlango wa ghala na kuufunga.

Nimezikagua pilipili. Nyekundu, sawa, lakini zimefifia. Za dalali zinang'aa. Nikamuuliza siri yake, akacheka, akasema kizuri chajiuza. Nimeelewa. Mafuta!

Jumanne, 4 Machi

Nimemwomba mke wangu magunia ili niimarishe ubora. Alichungulia ghalani. Kisha akasema nichukue yale mawili nyuma ya mlango, mengine nisiyaguse. Kumbe ukimwendea kwa upole, analainika.

Nimepaka mafuta ya kupikia, pilipili moja moja, kwa fulana kuukuu. Zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Kisha nikajikuna jicho.

Naandika kwa jicho moja. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ameuliza nalia nini. Nikasema furaha. Hakuamini. Tangu asomee kozi ya kilimo endelevu haamini chochote ambacho hakikukaushwa na jua.

Jumatano, 5 Machi

Jicho limevimba. Hata hivyo nimeyasogeza magunia yangu mbele kabisa, mkaguzi aanze na mazuri.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu wangu.

Mkaguzi ni mama mpole mwenye karatasi nyeupe mkobani. Kabla hajafungua gunia akaeleza kwamba kuna watu hupaka pilipili mafuta. Yanachacha ndani ya kontena, mzigo wote unarudishwa, na kikundi hakipati mnunuzi tena. Yeye huikandamiza pilipili kwenye karatasi. Doa likitokea, basi.

Nikamwangalia mke wangu, ambaye kwa misimu mitatu alibeba mbao za vichanja kichwani ili pilipili zikauke juani, bila kuni wala moshi. Nilitaka kukiri. Mkaguzi akawa keshafungua gunia.

Gunia la kwanza, karatasi safi. La pili, safi. Hadi la mwisho, safi! Mkaguzi akasema rangi ile iliyofifia kidogo ndiyo inayotakiwa. Tumepita. Nikaketi sakafuni kama mzigo. Shemeji akamwambia mgeni kwamba sijala tangu asubuhi.

Jioni mke wangu alinieleza. Yale mawili yalikuwa ya pilipili zilizonyeshewa, zimetengwa kwa ajili ya mboji. Leo asubuhi, nilipokuwa nakanda jicho, aliyatoa nje na kupanga mengine mahali pake. Akasema anamjua mume wake: ukimnyima kitu cha kuharibu, atajitafutia mwenyewe.

Sikukasirika. Nimecheka hadi jicho likauma upya. Sijawahi kumpenda mtu hivi. Nimeapa mbele yake kwamba sitagusa tena bidhaa ya kikundi, na nimelala kama mtoto.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Kusema kweli mkaguzi hakuziona pilipili zangu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema zilianguka. Ila yamepita, mimi si mtu wa kinyongo.

Leo zimeletwa katoni za kusafirishia. Za karatasi, hazina hata chembe ya plastiki, shemeji anajisifu mno. Lakini zinanuka karatasi! Mnunuzi wa ng'ambo afungue mzigo wa thamani, apokewe na harufu ya daftari? Nina chupa ya manukato, imebaki nusu. Na nilichoapa ni kutogusa bidhaa. Katoni si bidhaa.

Nimemweleza mke wangu. Sikutegemea, lakini hakubisha hata kidogo. Amesema nianze na zile mbili zilizo nyuma ya mlango. Hatimaye ameanza kuniamini.