Nyota ya Sheikh Keynan Mchimba Visima

Jumatatu, 1 Agosti 1966

Barre amerudi. Vumbi la lori lake limeingia dukani hadi kwenye vitambaa vyeupe, naye akaingia nyuma ya vumbi, meno nje. Katoka Hadado. Kila wiki Hadado! Anapeleka mahindi, anasindikizwa na askari, ana kibali. Mimi Diriye, muuza vitambaa, sina kibali hata cha kupita kizuizi cha barabara ya Wajir. Tangu itangazwe hali ya hatari kwa sababu ya shifta, waasi wa porini, afisa anasema mtu wa duka hana shughuli Hadado.

Nina shughuli! Inaitwa Hinda.

Barre kasema Mzee Nunow, baba yake Hinda, sasa yuko tayari kusikiliza posa. Kasema hayo huku anachana nywele kwenye kioo changu. Nani asiyeelewa?

Na posa haitumwi kwa lori la mahindi. Lazima niketi mbele ya mzee, wazee wangu ubavuni. Yeye huja Garissa mara moja tu kwa mwaka, kwenye siyaro ya Sheikh Keynan, siku tunayosoma dua na kuchinja ngamia kwa ajili ya kuzaliwa kwake. Siyaro ni Rajabu. Hadi Rajabu Barre atakuwa keshaoa!

Nimelala chali nikifikiri. Wazo limekuja. Nani kasema Sheikh alizaliwa Rajabu?

Jumatano, 3 Agosti

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali bado hakina maandishi yake, na kwa sababu mwenye duka hajui kusoma Kiswahili.

Niliwahi kukaa Lamu kwa mnajimu mmoja. Kazi yangu ilikuwa kufagia, lakini masikio yalikuwa huru. Njia ni hii: unachukua jina la mtu na jina la mama yake, unageuza herufi kuwa hesabu, unajumlisha, unagawa kwa kumi na mbili. Kinachobaki ndiyo nyota yake. Ukiijua nyota, unajua jua lilikuwa wapi alipozaliwa. Basi. Siku inapatikana!

Lakini niseme ukweli. Sheikh Keynan nampenda tangu utotoni. Mtu gani yule! Amekufa zamani mno, hata babu zetu hawakumwona, na bado mbuzi wakishikwa na kiu mama zetu hulitaja jina lake. Alichimba visima kwa mikono yake. Koo mbili zilipogombea maji, alishuka kisimani akakaa humo, akasema anayetaka kurusha mkuki aurushe chini, atampata yeye. Wakanywa pamoja. Siku hizi bunduki ziko kila upande, na hatuna mtu wa kushuka kisimani.

Mtu kama huyo anastahili nyota iliyopigwa sawasawa. Ikinipatia na mke, hiyo ni baraka ya ziada.

Ijumaa, 5 Agosti

Baada ya swala nikamwendea Mzee Dekow, mkubwa wa wazee wetu. Nikamwomba nasaba ya Sheikh. Akamtaja baba, babu, baba wa babu, akaendelea bila kuvuta pumzi mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Mashallah. Nikauliza: na mama yake?

Mzee akaitazama fimbo yake. Mzee wa pili aliyeketi naye akakohoa. Wa tatu akakumbuka ana ngamia mgonjwa.

Nikaenda kwa Ayeyo Raho, bibi anayelitunza kaburi la Sheikh. Akaniambia jina hilo halitajwi, nirudi dukani nikauze vitambaa. Wazee! Wakisahau jambo wanasema ni mwiko.

Vijana wa sokoni hawana mwiko. Ukoo mmoja umeniambia mama wa Sheikh alikuwa Arbia, binti yao. Ukoo wa pili umeniambia alikuwa Muslimo, binti yao. Kila ukoo unajiita wajomba wa Sheikh, na kwetu mjomba ni mtu mkubwa. Majina mawili, basi. Nitayapiga yote mawili. Elimu haina upendeleo.

Jumapili, 7 Agosti

Nimepata! Nimechora duara, nimeligawa, nimejaza nyota zote. Kwa mama Arbia, Sheikh ni Asadi. Simba! Na jua liko ndani ya Asadi sasa hivi, mwezi huu huu. Kwa hiyo Sheikh alizaliwa Agosti, kwa hiyo siyaro ni sasa, kwa hiyo Mzee Nunow anakuja, kwa hiyo Hinda! Nilicheza peke yangu chumbani.

Kwa mama Muslimo, Sheikh anatokea Hutu. Samaki.

Nikaenda soko la mifugo nikatangaza. Na ili nionekane mwadilifu, nikayasema yote mawili.

Sikufikiri. Sisi watu wa ngamia! Samaki hatumli, hatumgusi, harufu yake ikija tunahamia upande mwingine wa upepo. Kufikia alasiri, watu wa Arbia walikuwa wanatembea sokoni vifua mbele, wakinguruma. Watu wa Muslimo wakaja dukani kuniuliza kwa nini nimewanyang'anya mama nikawaachia samaki. Fimbo ziliinuliwa. Muuza chai amewatenga, kila ukoo na birika lake.

Jioni ndipo nilipokumbuka kujiuliza Mzee Nunow ni wa ukoo gani.

Wa Muslimo. Ya Rabbi! Nimempelekea mkwe wangu samaki.

Jumanne, 9 Agosti

Wazee wameamua lazima mkutano wa suluhu ufanyike kabla damu haijamwagika, na wazee wa Hadado waitwe. Mkutano unataka ruhusa. Mzee Dekow akaenda kwa afisa, mtu wa bara, akanikokota nikaeleze nilichokoroga.

Mzee akaanza mwenyewe, kwa Kiswahili chake: "Bana afisa, sisi nataka ruhusa. Wazee ya Hadado nakuja hapa. Iko maneno kubwa ya mama ya Sheikh."

Afisa akataka mama huyo aletwe, na kipande chake cha kitambulisho.

"Yeye nakufa zamani sana."

Afisa akauliza sasa anayegombana ni nani.

"Sisi! Na kama sisi nabigana hii fita ya mama, wewe nakuwa na fita mbili. Moja hajatosha?"

Halafu afisa akaiona karatasi ya duara langu mkononi. Akaligeuza juu chini. Akauliza simba ni kundi gani la shifta, na samaki wanajificha wapi. Jasho! Nikamweleza elimu ya nyota kwa sauti nisiyoijua kuwa ni yangu. Akafunga mlango. Akaninong'oneza jina la mama yake.

Sikupiga hesabu yoyote. Nikamwambia yeye ni Asadi. Akatia sahihi.

Alhamisi, 11 Agosti

Mzee Nunow ameingia mjini! Mpango umefaulu! Si kwa njia niliyopanga, lakini yupo hapa, Agosti, siyo Rajabu.

Amekuja kwenye lori la Barre, kiti cha mbele. Barre alimfungulia mlango, akamshika mkono, akampangusa vumbi. Mnafiki.

Nikaoga, nikavaa kikoi kipya, nikaenda kumsalimia. Akauliza kwa upole nani hapa anaitwa Diriye. Barre akanionyesha kwa kidole, haraka sana. Mzee akanitazama, akatema mate pembeni, akaingia ndani.

Jumamosi, 13 Agosti

Mkutano. Ukoo huku, ukoo kule, askari katikati. Walibishana mpaka sauti zikakauka. Ndipo Ayeyo Raho akainuka, akasema amechoka kulinda siri na sasa wamsikilize.

Sheikh aliulizwa jina la mama yake na koo zote mbili, katika uhai wake, mara nyingi. Hakulitaja. Alisema mtu akijua wajomba zake ni nani, anajua pia ni nani si wajomba zake. Heri wote wadhani yeye ni mtoto wa binti yao, maana hakuna anayemrushia mkuki mtoto wa dada yake. Akafa nalo. Wazee wetu wakakubaliana lisiulizwe.

Nililia, wallahi, tena si kidogo. Nani asiyetamani kulitaja jina la mama yake? Yeye alilimeza maisha yake yote ili watu wasiuane. Mtu gani yule! Hana nyota inayomtosha.

Koo zikapeana mikono. Mimi nikatozwa kondoo dume na maneno ya msamaha. Nimevilipa vyote viwili bila ubishi.

Kisha Mzee Nunow akanivuta kando. Akasema Barre alileta posa mwezi uliopita na Hinda akaikataa. Hinda alimwambia baba yake anamtaka yule wa vitambaa, na atangoja mpaka siyaro ya Rajabu. Na yeye mzee alikuwa ameshakubali. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa dukani.

Nilitaka kisima nijitupe.

Lakini mzee hana roho mbaya. Akasema mlango hajaufunga. Nisichokoze jambo hata moja mpaka Rajabu, nije na wazee wangu, atanisikiliza. Nikichokoza lolote, nimsahau Hinda. Nikaapa.

Jumapili, 14 Agosti

Barre kampeleka mzee Hadado. Mimi niko dukani, mdomo nimeufunga. Nakunja vitambaa. Hinda ananingoja! Kiapo ni kiapo.

Lakini Rajabu ni mbali mno.

Mchana nilitazama juu, ili kupumzisha shingo tu. Vumbi la hagaa, msimu wetu wa upepo mkavu, limefunika mbingu. Nikajiuliza, miezi hii yote ya vumbi, ni nani hasa aliyeuona mwezi ukiandama? Nimefunga duka nikapiga hesabu. Huenda tumechelewa kuhesabu miezi. Huenda Rajabu inaingia wiki ijayo!

Kesho baada ya alfajiri namwendea Mzee Dekow, na nikitoka kwake nautangazia msikiti mzima. Huku si kuchokoza. Mama wa mtu sitamgusa tena. Huu ni mwezi tu, na ni Waislamu gani watakaogombana kwa ajili ya mwezi?