Albamu Ambayo Haifai Kuisha

Jumatatu, 11 Agosti 2025. Migori.

Bendi yetu, Posho Mill, imeanza kurekodi albamu ya kwanza. Jina hilo, la mashine ya kusaga unga, tulipewa na majirani, na haikuwa sifa. Gitaa zinanguruma, ngoma zinagombana, halafu katikati kinatoka kiitikio kitamu hadi mtu anasahau kwamba alikuja kulalamika. Nyimbo kumi, fupi fupi. Mimi, Javan, napiga besi, na ndimi meneja. Hakuna aliyenichagua, lakini hakuna aliyekataa.

Tatizo ni Susana. Ndiye mwimbaji, na nyimbo zote ni zake. Amepata kazi ya ualimu kisiwani Rusinga, shule zikifunguliwa anatakiwa huko. Leo ametuambia haondoki kabla albamu haijaisha, kwa sababu kwao Kehancha mtu haachi shamba nusu. Mwalimu mkuu amekubali kumngoja kidogo.

Nimefikiri sana. Albamu isipoisha, Susana haondoki. Nampenda tangu mwaka juzi. Sijamwambia bado, natafuta wakati mzuri. Basi kazi yangu kama meneja ni kuhakikisha albamu haiishi.

Jumatano, 13 Agosti

Adui amefika. Anaitwa Cliff, ametoka Homa Bay na laptop na kofia aliyoigeuza nyuma. Ndiye anayeturekodi. Kazi yake safi, tena ya haraka. Nyimbo tatu kwa siku moja! Susana anamwita "msanii". Mimi ananiita "yule wa besi".

Tunarekodia kwenye stoo ya Abdi, mwenye hardware, kati ya mifuko ya simiti na matangi ya maji. Mchana nikakata uzi mmoja wa besi, nikatangaza kwa huzuni kwamba uzi wa namna ile unapatikana Kisumu tu, na si kila wiki. Cliff akasikiliza nyuzi tatu zilizobaki, akasema ziko poa, sauti imekuwa chafu vizuri. Susana akasema ndiyo sauti aliyoitafuta siku zote. Nchagwa, mpiga ngoma wetu, akauliza kama naweza kukata na mwingine.

Jumamosi, 16 Agosti

Mpango mpya, wa heshima zaidi. Kwetu sisi Wajaluo muziki bila pakruok haujakamilika. Mtu anausimamisha wimbo, anajisifu, anawasifu wajomba zake, ndipo wimbo uendelee. Susana ni Mkuria na nyimbo zake ni za dakika mbili. Hazina nafasi ya mjomba. Kwa hivyo jana nilipita sokoni nikitangaza kwamba anayetaka kusifiwa ndani ya albamu aje stoo. Kila jina, kurekodi upya. Nilikadiria tutafika Krismasi.

Walikuja kweli. Mama anayeuza dagaa wa omena, fundi wa viatu, mzee mmoja wa Uriri aliyetaka atajwe pamoja na baiskeli yake. Susana akawatazama, akacheka, akawapanga kati ya matangi. Akasema hatawataja, watajitaja wenyewe, wote pamoja, kwenye kiitikio cha wimbo wa nane. Wakapaza sauti, yawa jamani, mabati yakatetemeka. Mzee wa Uriri alitokwa na machozi. Ndio wimbo bora wa albamu, hata mimi mwili ulinisisimka. Walirekodiwa mara moja tu, ikatosha. Zimebaki nyimbo mbili.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimemwendea Abdi. Nikamwomba awaambie wenzangu kwamba lori la simiti linakuja na stoo inahitajika. Akanimiminia chai, akauliza lori gani. Nikasema lori la kusema tu. Akasema yeye hadanganyi watu, sembuse binti anayemsalimia mkewe kila asubuhi. Kisha akauliza, kwa upole ulionikera, kama binti mwenyewe anajua. Nikamuuliza anajua nini. Akasema yeye alipomtaka Sumayya, mkewe, alimwambia, kisha akaenda na mjomba wake kwa kina Sumayya, wakasema walichofuata. Basi, ikaisha hivyo.

Njia ya hatari sana. Chai ilikuwa nzuri.

Jioni wimbo wa tisa ukaisha. Susana aliuimba akiwa ndani ya tangi tupu, ili sauti izunguke. Tulisimama nje tukilisikiliza tangi likiimba. Nilitaka kumwambia pale pale. Lakini kuongea na tangi si adabu.

Alhamisi, 21 Agosti

Umebaki mmoja. Juzi niliwaambia kwamba wimbo wa kumi una upungufu, unataka ubeti wa tatu, na ubeti huo nitauandika mimi. Sijawahi kuandika ubeti maishani. Hapo ndipo palipokuwa na uzuri wa mpango.

Leo Susana akaja kukaa kando yangu juu ya simiti. Akauliza ubeti unahusu nini. Nikasema unahusu mtu anayeondoka. Akauliza nani huyo. Nikasema ng'ombe wa shangazi, ameuzwa. Hakucheka. Akasema haya, mwandikie ng'ombe. Nikaandika bila kufikiri, ndiyo hasara ya kukaa karibu na Susana:

Ukienda acha mlango wazi,
upepo uingie uniulize habari zako,
nami nitaujibu, nitaujibu,
mpaka urudi.

Akausoma, akausoma tena. Akaingia kwenye tangi akauimba, na mwishoni sauti ikamkatika kidogo. Cliff akataka warudie. Susana akakataa, akasema iachwe vivyo hivyo. Cliff akafunga laptop. Albamu imeisha, na aliyeimaliza ni mimi mwenyewe.

Nililia. Nchagwa aliponiuliza, nikamwambia ni vumbi la simiti. Akanipa leso yake, na Nchagwa si mtu wa kuachia kitu chake.

Jumamosi, 23 Agosti

Nchagwa amembeba Susana na mabegi kwa pikipiki hadi steji. Mimi nilifuata kwa miguu nikiwa na gitaa lake. Tulipobaki wawili, Susana akaniambia kwamba nyimbo hizi zingekuwa tayari tangu mwezi wa nne. Kwenye mazoezi alikuwa anakosea maneno makusudi, akimngoja mtu fulani aseme jambo fulani. Kazi ilipopatikana, akaona hawezi kungoja milele. Akasema haya, Javan, gari bado halijajaa, sema.

Nikafungua mdomo. Nikamwambia asiweke gitaa karibu na injini, joto litapinda mbao.

Kisha akanishika mkono, akaushika mpaka kondakta akachoka kumwita. Akasema Rusinga siku hizi kuna daraja, mtu hafiki huko kwa miujiza. Nije Jumamosi ijayo, na nije na maneno, besi niiache.

Jumapili, 24 Agosti

Nimeisikiliza albamu yote peke yangu stoo. Nzuri sana. Namkosa sana.

Sasa nimeelewa. Mipango yote ile ilikuwa bure. Mtu mzima husema lililo moyoni kwa mdomo wake, mchana, bila kuzunguka. Abdi alikuwa sawa. Jumamosi naenda Rusinga.

Nimeshamtumia Susana ujumbe kwamba nakuja kikazi, kukagua ukumbi wa shule yao kama unafaa kwa uzinduzi wa albamu. Ukumbi haukaguliwi siku moja. Kuna paa, kuna milango, kuna jinsi sauti inavyorudi. Nikienda polepole, hiyo ni kila Jumamosi hadi Disemba.

Amejibu sasa hivi. Anasema shule yao haina ukumbi.

Afadhali. Kujenga ukumbi huchukua miaka.