Ombi la Kupunguziwa Watu wa Kusalimia

Mbeya, Septemba 1957

Bwana Mhariri Mpendwa,

Umeamkaje? Wa nyumbani wameamkaje? Ng'ombe, kama unao, hawajambo? Baada ya hayo, nalia mbele yako kwa sababu ya salamu.

Mimi ni Andendekisye, fundi cherehani barazani kwa Bwana Kamrudin. Nimezaliwa Rungwe, na mama alinilea kwamba kumpita mtu bila kumwuliza alivyolala, yeye na watoto na migomba yake, ni ushenzi. Nilipohamia hapa watu walikuwa wachache, nikawasalimu wote na kufika kazini mapema. Sasa nachelewa kila siku, na Bwana Kamrudin amesema wazi: "Fundi, ukichelewa tena, cherehani nampa Yotamu." Yotamu ni fundi wa Kihehe aliyekuja juzi, hupita barabarani kimya.

Malalamiko yangu:

1. Watu wamezidi. Wahehe, Wabena, Wakinga, wote wanashukia hapa. Waliotuhesabu mwezi uliopita waliuliza tuko wangapi. Hawakuuliza nani atatusalimu.

2. Duka la Wahindi mtaani kwetu lilikuwa moja, nikajifunza salamu yao moja. Sasa ni mtaa mzima, Wahindu kwa Waislamu, na kila mlango una salamu yake. Bibi Shanta wa duka la vitambaa, nisipomwuliza habari za mguu wake, ananuna.

3. Wazungu nao wameongezeka, ila hao sina ugomvi nao. Unavua kofia, hakuoni, unaendelea na safari.

4. Fedha imeingia. Zamani mwenye viatu alikuwa karani, nikamwinamia. Leo kahawa imewavisha watu viatu na makoti. Juzi nilimwinamia bwana mmoja kwa heshima kubwa, kumbe ni mpwa wangu Sedekia, amevaa koti nililolishona mwenyewe.

5. Wengine wamenunua baiskeli. Kabla sijafika kwenye habari za watoto, mtu yuko kilimani. Jailos nilimkimbilia mpaka sokoni ndipo nikajua mama mkwe wake amepona.

Kwa hiyo ikumbushe Serikali kwamba imetutenga kwa rangi hospitalini, shuleni na hotelini, barabara tu imeisahau. Wahindi wapite Jumatatu, Wahehe Jumanne, Wasafwa, wenye mji wao, Jumatano, wenye viatu Alhamisi, na wenye baiskeli wabaki nyumbani. Wanyakyusa tupite siku zote, maana sisi tunajua kusalimu.

Nisalimie wachapaji, wauza magazeti, mkeo, na wakwe zako wa pande zote.

Wako mtiifu, mwenye kuchelewa,
Andendekisye

N.B. Barua hii haikuwahi posta. Nilikutana na watu njiani. Cherehani kapewa Yotamu, nami nimepelekwa Iringa kwa Bwana Gulam, nduguye Bwana Kamrudin. Huku nafika kazini mapema mno. Wahehe wanasalimiana vizuri sana, wao kwa wao. Mimi mgeni wananipita. Inauma, Bwana Mhariri. Jana mama mmoja wa Ilula, Rozalia, mwenye tenga la nyanya kichwani, alisimama akaniuliza nimeamkaje. Machozi yalinitoka. Nikamweleza yote, watoto, migomba, mpaka mguu wa Bibi Shanta, na nyanya zake zikachelewa soko. Tafadhali usiichape barua hii. Leo nimemngoja palepale. Nimemwona kwa mbali akipitia njia ya chini, anakimbia na tenga lake.