Sakafu ya Mjane wa Fundi Baruti

Mgodi wa dhahabu ulipofungwa, nyumba za mtaa ule zilikosa hata mwizi. Ndipo dalali mmoja, aliyeitwa Asali kwa utamu wa ulimi wake, akapenyezewa habari kwamba chuo kitajengwa jirani na bei zitapanda. Wenye nyumba hawakujua lolote. Asali akamshukuru Mungu, maana alikuwa mcha Mungu sana kila aliponusa faida.

Akanunua kofia ngumu na kipande cha nondo, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Akiingia hugonga sakafu, hutega sikio, kisha hutikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mzee wangu, chini kuna tundu. Wachimbaji walipita humu. Siku moja utamalizia chai yako shimoni. Lakini nina huruma mimi, niuzie tu hivyo hivyo."

Wengine wakaanza kufunga virago.

Akafika kwa mjane wa fundi baruti, aliyekuwa akilipua miamba mgodini. Bibi huyu hakuwa na kitu duniani ila nyumba ile. Binti yake alimwita wakaishi pamoja mbali huko, naye alitamani kwenda, ila hakutaka kufika mikono mitupu akawa mzigo kwa mkwewe.

Asali akagonga. "Mama, chini kuna tundu!"

"Najua, baba. Karibu uketi. Jikoni tu usiingie."

Ukimkataza mjanja mlango, umemwonyesha njia. Asali akachungulia. Vumbi alilofagia bibi halikutupwa. Lilikuwa ndani ya karai lenye maji, naye bibi akarudi kuchuchumaa, akalizungusha taratibu, akimwaga tope na kukazia macho kitakachosalia.

Wake wa wachimbaji wote walikuwa na desturi hiyo. Mume akirudi kutoka kazini, vumbi la viatu vyake huoshwa, huenda ikatoka chembe ya dhahabu. Lakini mume wa huyu alikuwa kaburini miaka mingi. Vumbi la nani basi, kama si la sakafu? Asali akameza mate.

"Unapata kitu, mama?"

"Mazoea tu, baba." Bibi akalifunika karai upesi. "Riziki haitangazwi."

"Niuzie nyumba!"

"Nikuuzie balaa, mtoto wa mwenzangu? Si umesema kuna tundu?"

"Nilikosea! Chini ni mwamba mtupu."

"Mbona kwa jirani…"

"Jirani ana tundu, wewe una mwamba!"

"Basi kama ni mwamba," bibi akasema kwa upole, "bei nayo iwe ya mwamba."

Asali akauza pikipiki, akauza kabati na kitanda, mkewe akarudi kwao kwa hasira. Akalipa mbele ya mashahidi. Bibi akapanda basi na godoro lake, uso umemkunjuka kama bi harusi.

Asali akajifungia jikoni, akainua nondo, akapiga kwa nguvu zake zote. Sakafu ikaitika kwa kishindo, naye akazama hadi kwapani. Miguu ikaning'inia gizani bila kugusa kitu. Kwa taabu akachomoa simu.

"Mama! Humu kweli kuna shimo!"

"Ndiyo, baba. Marehemu alichimba humo mpaka umauti ukamfika, na hakupata hata chembe," bibi akajibu, huku wajukuu wakicheka nyuma yake. "Lakini wewe bado kijana, usikate tamaa. Sururu yake imo humo chini. Papasa."