Ndala za Injinia

Dada mmoja mgeni alishuka kwenye bodaboda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akamwamkia Mzee Bonifas, muuza kahawa wetu, akaomba kahawa na kuweka kijimashine juu ya benchi letu. Pale stendi ya Kilosa hatujazoea mgeni kabla ya kikombe cha kwanza.

Kikombe hicho kina sheria. Anayeleta ndala mbovu ya kuwashia mkaa ndiye anayekunywa wa kwanza. Miaka miwili sasa ni Beda, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kubeba zege relini. Huokota ndala mpaka kijiji cha Chanzuru.

Mzee Bonifas akaichana ndala ya siku hiyo, akaiwasha. Moshi mweusi ukatanda. Kijimashine kikaanza kulia.

"Kimekufa hicho," Injinia akasema.

"Kizima," mgeni akajibu. Aliitwa Anitha, alikuwa njiani kwenda Rudewa kupima hewa ya majikoni. "Kinahesabu chembe za moshi. Nilipofika zilikuwa ishirini. Sasa ni mia nne na kumi."

"Mbona tunapumua?" Injinia akauliza.

Nyuma ya jiko, Mama Marciana, mke wa Mzee Bonifas anayetupikia kashata, akakohoa. Kifua chake kinapiga filimbi tangu masika. Mwezi uliopita alilazwa siku tisa.

Anitha akamtazama, akashusha sauti. "Chembe zikifika mapafuni, seli za kinga zinazimeza. Haziwezi kuzisaga, basi zinaita wenzao. Wenzao wanamwaga kemikali za kuua adui. Adui hafi. Kinachoungua na kuvimba ni mwili wenyewe, njia ya hewa inabana."

Kulwa, mfugaji wa Rudewa, akalaza fimbo yake chini. "Hii naijua. Ng'ombe mmoja kaingia kwenye mahindi, kala mashina matatu. Wakaja watu arobaini kumfukuza. Ekari nzima ikalala."

"Ng'ombe alikuwa wako," Injinia akasema.

"Nazungumzia mapafu."

"Na mahindi yalikuwa yangu."

"Na wale arobaini uliwaita wewe."

"Ndivyo ilivyo," Anitha akasema. "Na mkiwasha ndala kila asubuhi, wale arobaini hawarudi makwao."

Nikasema tunaweza kubadilika, tukianza na jiko moja tu.

"Digrii akianza kutumaini," Injinia akasema, akinitaja kwa jina langu la kijiweni, "kahawa inapoa."

Mama Marciana akakohoa tena, safari hii kwa muda mrefu, mpaka akatua sinia la kashata chini. Injinia akatazama miguu yake.

"Mama, kuanzia kesho sileti ndala."

"Utaweza, mwanangu?"

"Nimesema mbele ya mashine."

Usiku huo mvua ikanyesha, mkaa ukalowa. Asubuhi tukakaa tunatazama birika la baridi. Mzee Bonifas alikuwa amemaliza kiberiti kizima. Kisha akatokea Injinia akichechemea kwenye matope, mguu mmoja peku, ndala iliyokatika mkononi.

Tukaikodolea macho ile ndala.

"Mungu kaleta," Kulwa akasema.

"Kisigino tu, Injinia." Mzee Bonifas akanyoosha mkono. "Ya leo tu."

Mama Marciana akaendelea kupanga kashata kwenye sinia.

Injinia akaibana ndala kwapani. "Hii inavaliwa."

"Inavaliwaje na imekatika?"

"Inavaliwa."

Kulwa akaenda kwa dada yake, jirani na stendi, akarudi na magunzi makavu ya mahindi. Moshi wake ulikuwa mwembamba, mweupe. Kahawa ikachemka saa tatu, na kikombe cha kwanza akapewa Kulwa.

"Sheria ni ya ndala," Injinia akalalamika.

"Sheria ni ya moto," Mzee Bonifas akamjibu.

Injinia alipata cha mwisho, machicha mengi kuliko kahawa. Akakimaliza.

"Digrii, mama kakohoa mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na jana?"

"Jana niliacha kuhesabu."

Akatikisa kichwa, akaaga, akaingia kwenye matope, ndala moja mguuni, nyingine kwapani.