Ndevu za Marehemu wa Kwanza

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimekuwa Mkurugenzi wa Mazishi. Nimehudumia watu mezani, nimebeba mizigo ya wageni hotelini, nimenyoa vichwa, nimeshika kipaza sauti kwenye harusi. Mama watoto anasema kote nilifukuzwa. Mimi nasema nilikuwa najiandaa. Nimepanga chumba cha mbele kwa seremala anayetengeneza majeneza uani. Suti nyeusi ninayo, ile ya harusini, nimebandua tu vile vidude vya kumetameta kwenye kola. Nimejitazama kwenye kioo. Heshima tupu.

Mama watoto ametoa neno la mwisho. Nikiiharibu na hii, naenda kubeba magunia kwenye mashine ya kusaga ya kaka yake. Shemeji mwenyewe alikuwepo. Aliniangalia mabega, akatikisa kichwa, akasema watanianzisha na nusu gunia. Dharau iliyoje!

Jumatano, tarehe 5

Nimempata wa kwanza! Mzee mstaafu wa posta. Mjane wake mpole, ananiita mwanangu. Mwanawe wa kwanza, mtu mzima na kitambi chake, ana macho ya kutafuta kosa. Wameomba avalishwe suti ya kahawia, na kesho watu wapate kumuaga bila kuharakishwa. Basi.

Nikabaki na marehemu. Uso mzuri, lakini ndevu! Zimeshuka hadi kifuani, kila unywele na njia yake. Mkono wa kinyozi ukaanza kuniwasha. Seremala akachungulia, akauliza kama nimeagizwa. Nikamjibu kwamba mhudumu wa kweli hasubiri kuagizwa. Akasema yeye hupiga misumari tu, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Ndiyo maana hatafika mbali.

Nimemnyoa. Kidevu kinang'aa, hakuna hata mkwaruzo. Mteja wangu wa kwanza kutulia kwenye wembe.

Alhamisi, tarehe 6

Balaa. Wafiwa waliingia, wakasogea, wakasimama. Mwana mkubwa akatazama jenezani, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ya chini baba yake yuko wapi. Nikasema ndiye huyu. Akasema huyu hamjui. Mkwe mmoja akaanza kulia upya, sasa kwa kudhani marehemu amepotea. Kumbe mzee alifuga ndevu kabla hajapata mtoto hata mmoja! Hakuna mwana, mkwe wala mjukuu aliyewahi kukiona kidevu kile.

Na kule mlangoni, nani? Shemeji, kaja kutoa pole, kakunja mikono. Niliyaona magunia yote machoni mwake. Niliogopa kweli.

Mwana mkubwa akasema anamhamishia baba yake kwa watu wanaoijua kazi. Ndipo mjane akaomba apishwe. Alimtazama mumewe kwa muda, kisha akamshika kidevu. Akasema hivi ndivyo alivyokuwa siku alipokuja kwao kuposa. Ndevu alizifuga baadaye, mama mkwe wake aliposema ana sura ya kitoto. Akacheka huku machozi yanamtiririka, akasema hako kashimo ka kidevuni alishakasahau. Akawaita watoto waje wamwone baba yao akiwa kijana. Wakaja mmoja mmoja. Mwenye kitambi alilia mpaka akashikiliwa. Nikachomoa leso nimpe, nikajikuta naitumia mwenyewe.

Mazishi yakaenda vizuri. Nilipomsindikiza mjane kwenye gari, alininong'oneza kwamba leo Mungu amemfariji, ila nisithubutu tena kumgusa mtu wa watu bila kuuliza. Nimefurahi sana kusifiwa.

Jumamosi, tarehe 8

Sifa zangu zimeenea. Shemeji amenyamaza, magunia yake abebe mwenyewe. Asubuhi nimeletewa bibi mmoja, mwalimu mstaafu. Binti zake wameacha picha yake na kunisisitizia sana kwamba awe hivyo hivyo alivyo, nisibadilishe chochote. Nimeitazama ile picha. Maskini, kapigwa picha vibaya. Na hizo mvi zinamzeesha bure. Wafiwa hawajui wanachotaka mpaka wakione.

Seremala amekuja kuuliza nakoroga nini kwenye kibakuli. Nimemwambia afunge mlango, rangi ikipigwa na upepo hukauka kabla haijashika.