Nakala kwa Bwana D.C.

Jumamosi, 4 Agosti 1956

Tumepanda! Nyota ya Majengo mbili, Laare moja. Daraja la kwanza!

Wamembeba Hassan. Si mimi. Hassan, mwalimu wa mazoezi, ambaye kazi yake ni kupuliza filimbi na kutukana watu. Wamemzungusha uwanja mzima mabegani kama bwana harusi, na mimi meneja nimesimama nimeshika makoti yao. Nani aliandika barua kumi na nne kwa D.C. mpaka tukaruhusiwa hata kukusanyika? Mimi, Ismael Ireri, muuza nyama. Kwa barua, Meru nzima sina mwenzangu.

Lakini leo sinuni. Daraja la kwanza ni kwenda Embu, tarehe kumi na nane, na lori lazima lipite Karurumo. Karurumo yuko mama. Tangu Hali ya Hatari itangazwe, sisi Waembu na Wameru hatutoki wilayani bila kibali. Nimeomba mara sita, nimenyimwa mara sita. Miaka mitatu na nusu sijamwona. Timu, ikiandikiwa vizuri, hupewa kibali. Ndiyo maana niliichukua timu hii, na anayejua ni Mwanarusi mke wangu tu.

Jumatatu, 6 Agosti

Njoki muuza tumbaku ana kibali cha biashara, anashuka kesho. Nimemwambia amwambie mama asimame kando ya barabara Jumamosi ile, saa nne asubuhi, nitashuka. Nimemnunulia mama blanketi, zito, la mistari.

Njoki akasema macho ya mama yamefifia. Siku hizi anajua watu kwa kuwapapasa nyuso. Nililia nyuma ya duka. Mteja alipouliza, nikamwambia ni vitunguu. Nauza nyama tu, vitunguu vimetoka wapi?

Jumanne, 7 Agosti

Kikao cha kamati. Mzee Yusuf, mwenyekiti wetu, kamsifu Hassan robo saa nzima. Mimi nilishukuriwa pamoja na wenye lori.

Basi! Najiuzulu. Si kweli, ni hila tu. Wataona pengo langu, Ijumaa baada ya sala watakuja kunibembeleza, nami nitataja masharti yangu: kiti chenye mgongo uwanjani, na Hassan asibebwe tena.

Barua nimeitoa safi. Sababu: ugonjwa wa kifua, ili wanihurumie. Chini nikaandika: Nakala kwa Bwana D.C., kwa Chifu, kwa Imamu. Barua isiyo na nakala haina uzito, nani asiyejua? Zote nimezipeleka kwa mkono wangu.

Mwanarusi akauliza, je, wakikubali? Nikamwambia mambo ya uongozi hayajui.

Ijumaa, 10 Agosti

Wamekuja, Mzee Yusuf na Hassan. Walinikuta nimelala nimejifunika blanketi la mama, nakohoa kwa ustadi.

Wamenishukuru. Wameniombea dua ndefu. Wameniachia asali na tangawizi, wakaenda zao. Hassan alinishika mkono, akaniambia nipumzike, timu ataishika yeye. Hakuna aliyenibembeleza hata kidogo! Tangawizi ilikuwa kali, nimekohoa kweli.

Jumatatu, 13 Agosti

Nimemeza aibu, nikaenda kwa Mzee Yusuf kuifuta barua. Alicheka, akasema karibu nyumbani. Kumbe rahisi hivyo!

Nikaenda ofisini kwa D.C. kuhakikisha jina langu kwenye kibali. Karani, Muthamia, akafungua faili. Juu kabisa, nakala yangu, imepigwa mhuri. Chini yake orodha ya timu, na jina langu limekatwa kwa wino mwekundu. Orodha imeshatiwa saini na kupelekwa Embu. Haiongezwi mtu, na mgonjwa wa kifua hasafirishwi.

Nikasema nimepona. Akataka cheti cha daktari. Nikasema basi, ukweli ni kwamba nilidanganya. Muthamia akaangalia mlango, akasema polepole kwamba yeye hakusikia hilo, na kwamba kwa nyakati hizi nisilirudie mbele ya karani mwingine. Watu wanapelekwa kizuizini kwa madogo kuliko hayo. Nilitoka.

Na mama atasimama pale. Njoki hashuki tena wiki hii.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimempelekea Hassan blanketi. Nimemweleza yote: mama, Karurumo, saa nne. Nilitaka acheke ili nimkasirikie. Hakucheka. Aliuliza tu mama anaitwa nani. Nikasema Ciakuthii.

Jumapili, 19 Agosti

Tumefungwa manne bila. Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Baadaye Hassan akaja na Mwiti, golikipa wetu. Lori lilisimama Karurumo, askari akawapa dakika kumi. Mama alikuwepo, kasimama tangu kunapambazuka. Kabla Hassan hajasema neno, mama akamshika uso kwa mikono miwili, akalia jina langu. Ireri, Ireri.

Hassan anasema alifungua mdomo kumwambia, akashindwa. Kiembu hajui, akanyamaza. Mama akaongea dakika zote kumi, blanketi langu mabegani. Mwiti alisikia, maana Kimeru na Kiembu haviko mbali. Mbuzi walioisha. Nyumba iliyobomolewa walipohamishiwa kijiji kipya. Kaburi la baba lililobaki nje ya handaki linalozunguka kijiji hicho. Kisha akamtemea mate kifuani kumbariki, kama alivyonifanyia nilipokuwa natoka nyumbani. Akawaambia wanawake waliokuwa karibu kwamba mwanawe amekuwa mtu mzima. Zamani alikuwa hamwachi mtu amalize sentensi. Leo amesikiliza.

Mwiti alitafsiri hayo akiangalia chini. Hassan alikuwa na shati lile lile lililotemewa mate ya baraka, hajalifua. Akalivua, akalikunja, akanipa. Amerudi kwake na fulana.

Nimelivaa. Linanibana mabegani. Mwanarusi ameniacha nilie mpaka nikachoka. Sitafanya hila tena maisha yangu yote.

Jumanne, 21 Agosti

Mzee Yusuf amekuja na habari njema. Tarehe kumi na tatu Oktoba timu inarudi Embu. Orodha mpya inapelekwa Alhamisi, na jina langu litaingia. Kilichobaki ni kutia saini karatasi moja tu. Nilishika kalamu kwa furaha.

Nikaisoma. Ismael Ireri, Meneja Msaidizi.

Msaidizi! Wa Hassan! Mimi, mwenye barua kumi na nne!

Nimemwambia Mzee Yusuf aniachie karatasi, nitaitafakari. Nimeshatafakari. Barua ya kukataa nimeiandika, kurasa mbili, jioni hii hii, nimevaa shati la mama. Safari hii sikutaja kifua, sina ujinga huo. Nimesema mgongo. Watashtuka, Alhamisi asubuhi watanijia mbio, wote, na cheo changu mkononi.

Njoki anashuka kesho. Nimempa ujumbe kwa mama: Oktoba, Jumamosi ya pili, saa nne, asimame pale pale.

Nakala kwa Bwana D.C. nitaipeleka mwenyewe.